Marubani wa kwanza wa kivita na mwavuli

Umeuliza kwa nini marubani wa kivita wa Vita ya Kwanza ya Dunia waliungua angani badala ya kuruka na mwavuli (parachuti). Miavuli ilikuwepo. Waangalizi waliokaa kwenye maputo ya gesi waliruka nayo mara kwa mara, na wengi walipona. Lakini ile ya mwanzo ilikuwa mizito na ilihitaji nafasi, wakati ndege yenyewe ilikuwa mbao na kitambaa, injini haina nguvu ya ziada, na tangi la petroli liko karibu kabisa na rubani.

Hata hivyo uzito hautoshi kuwa sababu. Wakubwa wa jeshi la Uingereza hawakulipa jambo hili uzito, na inatajwa sana kwamba wapo walioogopa rubani ataitupa ndege mapema. Kwangu hilo ni jambo la kuumiza, kwa sababu Wajerumani walianza kuwapa marubani wao miavuli mwaka 1918, na mmoja wao, Ernst Udet, aliokolewa na mwavuli Juni 29 mwaka huohuo.

Upande wa pili, rubani wa Uingereza Mick Mannock aliuogopa moto kiasi cha kubeba bastola ili ajimalize ndege ikiwaka. Julai 26, 1918, risasi za kutoka ardhini ziliipata ndege yake, ikashika moto na kuanguka. Marubani wa Uingereza walipewa miavuli katikati ya miaka ya 1920.