Kabla hujaandika prednisoloni

Mgonjwa amehara damu miezi minne, amekonda, kolonoskopi (kamera ya kutazama ndani ya utumbo mpana) imeonyesha vidonda, na jibu la patholojia linasema tu "uvimbe sugu". Hapo ndipo daktari mgeni wodini hukimbilia prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, akidhani ni ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe sugu wa utumbo usio wa kuambukizwa. Subiri. Ukimpa steroidi mwenye amiba, utumbo unaweza kutoboka. Mwenye kifua kikuu, ugonjwa husambaa. Mwenye minyoo ya strongiloidi, viluwiluwi huongezeka na kuvamia hadi mapafu.

Uliza alikokulia. Kama ni Ukerewe au Homa Bay, akioga na kuvua Ziwa Victoria, fikiria kichocho mapema. Kato-Katz, kipimo cha kuhesabu mayai ya minyoo kwa hadubini, hupima miligramu 41.7 tu za choo, na ugonjwa ukishakuwa wa miaka mingi mayai hutoka machache. Kwa hiyo slaidi moja isiyo na yai haitoshi: chukua choo cha siku tatu tofauti, au banza kinyofu kibichi (kipande kidogo cha nyama) cha puru kati ya vioo viwili na utafute yai lenye mwiba ubavuni. Kwa amiba, choo kifike maabara ndani ya nusu saa kingali na joto. Pima VVU. Uliza pia kuhusu diklofenaki, dawa ya maumivu. Wengi hawaihesabu kuwa dawa, nayo huchimba vidonda utumboni.

Kigumu kuliko vyote ni kutenganisha kifua kikuu cha utumbo na ugonjwa wa Crohn, kwani vyote hupenda pale utumbo mwembamba unapoingia kwenye mpana. Vidonda vya kifua kikuu mara nyingi huzunguka utumbo kama pete; vya Crohn hufuata urefu wake. Omba vinyofu visivyopungua 8, vya ukingoni na vya kitakoni mwa kidonda, na hapa uwe mkali: nusu iende kwenye fomalini, nusu kwenye maji ya chumvi yasiyo na vijidudu. Vikitumbukizwa vyote kwenye fomalini, bakteria hufa na hakuna cha kuotesha maabara. GeneXpert, kipimo cha vinasaba vya bakteria wa kifua kikuu, ikikosa kitu, usifute kifua kikuu, maana bakteria utumboni ni wachache. Wala picha safi ya kifua haikifuti. Kuotesha huchukua hadi wiki 6 au 8.

Ukilazimika kuanza dawa za kifua kikuu bila uthibitisho, rudia kolonoskopi baada ya miezi 2 hadi 3. Usitosheke na mgonjwa kusema ana nafuu, kwa sababu hata wa Crohn huweza kupata nafuu ya muda. Tazama vidonda vyenyewe. Visipopona, fikiria Crohn au kifua kikuu sugu kwa dawa.