Maswali na majibu: ujazo, fremu na ghorofa

Shikamoo mtaalamu. Nimeonyeshwa kiwanja Kibada, dalali anasema ni "ujazo wa juu". Je, naruhusiwa kujenga ghorofa? (Mbagala)

Marahaba. Swali hili linakuja kila wiki, na kila wiki mnamsikiliza dalali yuleyule. Ujazo wa juu ni viwanja vidogo vilivyobanana, nyumba nyingi kwenye eka moja. Idadi ya sakafu ni jambo jingine: nenda ofisi ya mipangomiji uone masharti ya mchoro. Ujazo wa chini, yaani viwanja vikubwa na nyumba chache, nao si "kwa watu wa chini". Masaki na Oysterbay, kwa matajiri, ni ujazo wa chini!

Na mkiwa hapo, jueni neno limetoka wapi. Mpango wa Waingereza wa 1949 uliligawa jiji la Dar es Salaam kwa ujazo: wa chini kwa Wazungu, wa kati kwa Wahindi, wa juu kwa Waafrika. Rangi ilifutwa, ukubwa wa viwanja ukabaki, na hadi leo tunatafuta heshima kwenye mita za mraba.

Nimejenga fremu nne za maduka mbele ya nyumba yangu Sinza. Wamekuja kuniwekea X ya kubomoa. Nifanyeje?

Kwanza pima. Kama fremu zimeingia kwenye hifadhi ya barabara, vunja mwenyewe uokoe matofali na mageti. Kama ziko ndani ya kiwanja chako na hati inasema makazi, omba halmashauri kubadili matumizi yawe makazi na biashara. Majirani wana haki ya kupinga, na kodi ya ardhi itapanda. Usije kulia baadaye.

Mimi si adui wa fremu. Duka la Mangi, saluni na duka la dawa vikiwa mtaani, mama hapandi daladala kufuata dawa ya mtoto. Sinza yenyewe ilipimwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watu wa kipato cha chini, na maduka ndiyo yaliyoipa uhai. Ninachokichukia ni baa ya spika sita chini ya dirisha la wanafunzi, halafu mwenye baa anasema eti eneo ni la matumizi mchanganyiko. Mchanganyiko una masharti yake.

Naweza kuanza msingi wakati kibali kinashughulikiwa?

Hapana.

Jirani yangu Kariakoo anabomoa nyumba ya vyumba sita apandishe ghorofa nane. Nina haja ya kuogopa?

Ndiyo, ila usiogope ghorofa, ogopa shimo la msingi wake. Kariakoo ilipimwa kwa nyumba za Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, choo uani. Mitaa ni ileile na upana wake ni uleule. Sasa weka ghorofa nane juu ya kiwanja kilekile, kisha uniambie majitaka yanakwenda wapi na lori la zimamoto linapita wapi.

Kabla hajaanza kuchimba, piga picha kuta zako zote, zenye nyufa na zisizo na nyufa, tarehe ionekane. Angalia ubao wa mradi: mkandarasi na mhandisi wametajwa? Hakuna ubao, andika barua halmashauri leo, na nakala igongwe muhuri. Jengo lililoanguka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 liliua watu zaidi ya 25. Wengi walikuwa kwenye biashara zao tu.

Nimenunua fleti ghorofa ya nne, nina mkataba wa mauziano. Hati anabaki nayo mwenye jengo. Ni sawa?

Si sawa. Tangu 2008 tuna sheria ya umiliki wa sehemu za majengo. Dai hati ya sehemu yako. Mwenye jengo akikopea ile hati moja, benki haitauliza nani analala ghorofa ya nne.

Kwa nini serikali isijenge maghorofa Manzese iondoe msongamano?

Manzese imejaa watu kwenye nyumba za chini, hapo ndipo mnapojichanganya. Ukiweka ghorofa unapata nafasi ya wazi na mabomba ya maana, lakini uliza pia mama ntilie wa ghorofa ya tano atawashia wapi jiko. Magomeni Kota, ambako nyumba za zamani zilibomolewa, kaya 644 zilirudishwa kwenye maghorofa mwaka 2022, baada ya kusubiri karibu miaka kumi. Kumi! Ningeanza na kando ya njia ya mwendokasi, Kimara hadi Magomeni, ambako basi linapita mbele ya kuta na yadi.

Kiwanja cha mita za mraba 400 kinatutosha? Mume wangu anasema bila 1,000 hatusogei. (Tabata)

Nyumba ya vyumba vitatu haizidi sana mita 130. Muulize shemeji yangu huyo: zile 600 za ziada atazifyeka nani?