Kabla hujanunua miche, angalia visiki vyako

Msomaji mmoja wa hapa Dodoma kaniandikia: "Dada, nataka kupanda miti 200 kwenye kiwanja changu, nimeshaita greda lisafishe. Ninunue miche gani?" Nilipofika kwenye neno greda nikaweka simu chini kwanza.

Kiwanja changu kule upande wa Nala nilikikuta kina vichaka na visiki vilivyoachwa na wachoma mkaa. Dereva wa greda alitaka anisombee vyote kwa bei ya kirafiki, nikakataa. Jirani mmoja akanitangaza mtaa mzima kwamba nafuga nyoka, na kikaoni akasema mbele za watu kuwa naaibisha makao makuu ya nchi. Sijasahau.

Nilichofanya ndicho wakulima wa huku wanachokiita kisiki hai. Unachagua machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, unakata mengine, unapogolea matawi ya chini, unafunga kitambaa ili watu wajue mti una mwenyewe. Basi. Mizizi ya kisiki ilishafika chini zamani, Septemba haikusumbui kwa maji. Mche wa kitalu utakusumbua: mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na miezi iliyobaki uhai wake ni ndoo yako. Leo migunga yangu imepita paa, na yule jirani anaegesha gari kwenye kivuli kinachoangukia upande wake. Sijamwambia kitu. Mbuzi wake ndio nimewaambia.

Wazee wa Kondoa wanalijua hili kuliko sisi wa mjini. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973. Mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyoliwa na makorongo, na ardhi ikaanza kujifunika yenyewe kwa nyasi na miti.

Miche nayo nimepanda, mwarobaini na mkwaju, mvua zilipokolea, si kabla. Maji ya kuoshea mboga hayamwagwi kwangu.

Sasa nikuulize swali ambalo watu hawalipendi: unapikia nini? Tanuru la asili linaweza kula kilo 5 hadi 10 za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Pima gunia lako, piga hesabu. Kuna watu Aprili mosi, siku ya taifa ya kupanda miti, wanapiga picha na mche, jioni buti la gari lina magunia mawili. Watanisamehe, lakini huo ni mchezo wa kuigiza. Mimi nimehamia gesi, na maharage nayaloweka tangu usiku. Kama mtungi wa gesi bado mzito kwako, tafuta jiko banifu, lile linalotumia kuni au mkaa kidogo.

Kwa hiyo ndugu yangu, greda lisubiri. Zunguka kiwanja asubuhi, piga picha kila kisiki chenye chipukizi, nitumie. Nitakuonyesha vya kubakiza. Habari ya miche 200 tutaizungumza ukishaniambia unapikia mkaa kiasi gani kwa mwezi.