Presha ya macho sio presha ya damu, mimi nilijua nikiwa nimeshaharibu

Wacha niwaambie vile nilijifanya daktari. Mimi natumia dawa za presha, na mwaka jana nikaingia duka la miwani hapa tao, nilikuwa natafuta miwani ya kusomea tu. Wakaniketisha kwa ile mashine inapuliza hewa kwa jicho, puu, nikaruka karibu nianguke na kiti. Dada wa pale akasoma: kulia 27, kushoto 24, presha yako iko juu, tafuta daktari wa macho. Mimi nikashika hapo kwa presha, ya macho sikusikia, nikafika nyumbani Umoja nikameza tembe mbili za presha ya damu badala ya moja. Kesho yake niko steji naona kizunguzungu, nimeng'ang'ania mlango wa matatu hadi makanga akaniuliza kama niko sawa. Duka la dawa wakanipima presha ya damu, 96 kwa 58, imeshuka.

Daktari wa macho alicheka kidogo halafu akanigombeza. Kumbe ile mashine haina habari na damu, inapima presha ya maji yaliyo ndani ya jicho, jicho linayatengeneza kila wakati na kuyatoa, sasa yakikosa kutoka vizuri ni kama sinki inameza polepole, yanajaa. Kawaida ni 10 mpaka 21. Hizi presha mbili zinajuana kwa mbali sana, ya damu ikipanda 10 ya macho haifiki kupanda hata moja, so unaweza kuwa na 120 kwa 80 safi na jicho linaharibika.

Iliyonitisha ni hii: damu inaingia kwa jicho ikisukumana na hiyo presha ya ndani, sasa ukishusha ya damu sana na ya jicho bado iko juu, neva ya kuonea inakosa damu. Yaani zile tembe mbili zangu, aki! Na usiku presha hushuka yenyewe, kwa hivyo kama unameza dawa ukienda kulala mwambie daktari wa macho, usijibadilishie saa. Kama una asma pia sema, kuna matone ya kushusha presha ya macho yanaitwa timololi, yanaweza kukubana kifua. Ukishaweka tone funga jicho, bonyeza ile kona ya karibu na pua dakika mbili hivi, dawa isishuke puani ikaingia kwa damu.

Hii presha ya macho mara nyingi haiumi na inatembea kwa familia, nimeambia ndugu zangu wote wapimwe. Kitindamimba amekataa, ati yeye anasoma namba ya matatu ikiwa bado iko mbali. Siku ile ya 27 hata mimi nilikuwa naisoma.