Dada za mfalme au mabinti wa mfalme?

Swali: Mwalimu, nina picha ya wasichana wawili wa ukoo wa Napoleon, ile aliyochora Jacques-Louis David 1821. Nikaiandikia chini "Madada wa mfalme, enzi ya kimapenzi", rafiki yangu kacheka mpaka basi. Nimekosea wapi?

Jibu: Kwanza hapo kwa mfalme. Ukisema dada za mfalme maana yake mfalme ni kaka yao, sasa hawa mfalme ni baba yao mzazi, Joseph Bonaparte, kaka mkubwa wa Napoleon, alikuwa mfalme wa Hispania, ila mpaka hiyo picha inachorwa ufalme ulishamtoka yuko zake Marekani na wanawe wako Brussels. Kwa hiyo ni mabinti wa mfalme, au ukitaka lazima neno dada liwepo basi "dada wawili wa kifalme", hako ka-ki kadogo ndiko kanakokuokoa. Na hiyo "ma" itoe, madada siku hizi mtu anawaza madada poa, utawavunjia heshima watoto wa watu bure.

Wengine watakwambia uandike umbu. Hapana jamani, umbu ni dada kwa kaka yake, wasichana wawili hawaitani umbu, hao ni ndugu tu. Tena Kiswahili chetu kinapenda kujua nani katangulia: Zénaïde kazaliwa 1801, Charlotte 1802, kwa hiyo hapo ni mtu na mdogo wake.

Sasa "enzi ya kimapenzi" ndiyo iliyomchekesha mwenzio, nadhani. Msomaji ataanza kumtafuta mchumba kwenye picha na hayupo, kuna kochi jekundu limetariziwa nyuki, alama ya ukoo wao, na wao wamekumbatiana na barua ya baba kutoka Philadelphia, kurasa zimeshakunjwakunjwa kama iliyosomwa mara kumi. Nadhani ulitaka kusema enzi ya Romanticism, ile sanaa iliyotanguliza hisia; wahakiki wa fasihi wanaiita Ulimbwende, neno zuri tu, shida mtaani mlimbwende ni yule anayegombea taji la urembo (na hawa kweli wamevaa mataji, haya). Halafu David mwenyewe wanamweka kwenye urasimi, yaani sanaa ya kufuata kanuni za Wagiriki na Warumi wa kale, kwa hiyo enzi iache, mwaka unatosha.

Mimi ningeandika: "Zénaïde na mdogo wake Charlotte, mabinti wa Joseph Bonaparte, 1821."