MASWALI YENU: Mtetea wangu anawika, nimchinje?

SWALI: Shikamoo daktari. Nafuga kuku wa kienyeji hapa Mbagala, sio wengi. Kuna mtetea mmoja alikua anataga vizuri tu, sa hivi mayai yamekata kabisa, upanga umekua mwekundu alafu juzi kaanza kuwika! Tena anashusha bawa moja anawazunguka wenzake kama jogoo. Majirani wanasema ni uchuro nimchinje haraka kabla halijatokea jambo ndani ya nyumba. Roho inaniuma mana ndo kuku nilieanza nae. Nifanyeje? – Mama wawili, Mbagala

JIBU: Marahaba mama. Nakuomba usimchinje kisa uchuro. Huyo kuku uwezekano mkubwa ana tatizo ndani ya mwili, na huo ujogoo unaouona ni homoni zimebadilika kwenye damu ubongo ukafuata.

Iko hivi, kuku jike ana ovari moja tu inayofanya kazi, ya kushoto, ya kulia inabakia kitu kidogo sana ambacho hakijakua. Ya kushoto ndo inatoa mayai na ndo inatoa estrojeni, homoni ya kike. Sasa ikipata uvimbe au maambukizi ikaharibika, estrojeni inashuka, na kile kidogo cha upande wa kulia kinaweza kuanza kukua, kikakua kama korodani kabisa na kumwaga homoni za kiume. Upanga unakua, mayai yanakata, anaanza kuwika. Na akipukutisha manyoya usishangae mapya yakaja marefu ya kung'aa, kwa sababu kwa kuku manyoya ya kijogoo ndo yanaota yenyewe pale estrojeni isipokuwepo. Watu wengi wanaamini urembo wa dume unaletwa na homoni ya kiume, kwa kuku sivyo, hata kwa tausi kama wale wa Ikulu sivyo, tausi dume akihasiwa mkia wake wa urembo anaendelea kuuota, ila lile tamaa la kuuchanua mbele ya majike ndo linapungua.

Kwahiyo manyoya ni habari nyingine na mbwembwe ni habari nyingine. Za mbwembwe tulianza kuzielewa mwaka 1849 kule Göttingen, Ujerumani, kuna msomi anaitwa Arnold Berthold alichukua majogoo wadogo sita akawahasi. Wawili akawaacha hivyo hivyo, wakakua wapole, upanga mdogo, hawagombani, majike hawana habari nao. Wengine wanne akawarudishia korodani moja moja tumboni, tena wengine akawabadilishia ya mwenzao, na hao wakawika, wakapigana, wakafukuzia majike kama kawaida. Mishipa ya fahamu ilikua imeshakatwa, mana yake ujumbe ulipita kwenye damu. Mi naona ni moja ya majaribio mazuri kuliko yote yaliyowahi kufanywa kwa kuku, na vifaa vyake vilikua kisu na uvumilivu tu!

Ukifika kwenye ubongo ujumbe unashukia sehemu ya chini inaitwa haipothalamasi, pale mbele yake kuna seli zinazopokea testosteroni, homoni ya kiume inayotoka kwenye korodani. Na hapa ndo panapofurahisha, kwa kware imeonekana ubongo wa dume unaichukua testosteroni na kuigeuza kuwa estrojeni humo humo ndani, na hiyo ndo inamsukuma kumpanda jike. Yaani homoni tunayoiita ya kike inafanya kazi ya kiume. Mwaka 1939 huko Marekani mitetea walichomwa sindano za testosteroni, wakapanda cheo ndani ya kundi, wengine wakawika. Kwahiyo mtetea wako hajalogwa mama, uwezo wa kuwika anao kichwani siku zote, kilichokosekana ni homoni.

Sasa cha kufanya. Bandani una jogoo? Kama huna, kuna wakati mtetea mbabe anashika nafasi hiyo anawika huku bado anataga, huyo muache tu. Ila wako mayai yamekata kwahiyo mpeleke kwa daktari wa mifugo ampapase tumbo, hasa kama limejaa au anakonda. Mayai yanaweza yasirudi tena, nakwambia ukweli ili ujipange, lakini kukaa nae ndani hakuna ubaya wowote.

SWALI: Dokta mambo, nina njiwa wawili, dume anainama na kuguguma mbele ya jike siku nzima mpaka namuonea huruma. Anapoteza muda au? – Kijana wa Tabata

JIBU: Poa mdogo wangu. Hapotezi muda hata kidogo, anaufanyia kazi mwili wa jike. Daniel Lehrman na wenzake Marekani walifuga njiwa wa kufugwa wadogo wa aina nyingine, wakamuweka jike nyuma ya kioo, anamuona dume ila hawagusani. Akimuona dume anaringa na kuguguma, ubongo wake unaamsha tezi iliyo chini yake, ovari yake inakua, anajiandaa kutaga. Wakiweka dume aliyehasiwa asieringa, ovari haikui vile. Kwahiyo testosteroni ya dume inaamsha mbwembwe, mbwembwe zinaamsha homoni za jike bila kugusana, usimkatishe.

SWALI: Huku Kigamboni masika ikianza kwenye majani marefu vinatokea vindege vyekundu na vyeusi vinarukaruka hewani kama vimechanganyikiwa, kiangazi sivioni. Vinahamia wapi? – Msomaji, Kigamboni

JIBU: Vingi viko hapo hapo, vimevaa kahawia kama majike ndo mana huvitambui. Ulaya ndege wanasoma urefu wa mchana, mwanga unapenya fuvu mpaka kwenye ubongo, lakini hapa Dar tofauti ya mchana mrefu na mfupi kwa mwaka mzima haifiki hata saa moja, kwahiyo mvua na majani mabichi vina uzito zaidi. Haipothalamasi inaiamsha ile tezi ya chini ya ubongo, tezi inatoa homoni iitwayo LH, na kwa ndege wa jamii hii LH yenyewe ndo inaleta manyoya mekundu na meusi, hata dume aliyehasiwa anayaota. Mdomo kuwa mweusi ndo kazi ya testosteroni.