Esc inachelewa, rangi zinafifia

SWALI: Shikamoo dada. Nasimamia seva mbili kwa SSH (kuingia kwa mbali) nikiwa Mwanza, na huwa nafanya kazi ndani ya tmux, programu inayobaki hai kwenye seva, ili mtandao ukikatika kazi isipotee. Lakini Ctrl+b, inayotangulia kila amri ya tmux, inanichosha kidole, Esc ya Vim, programu ninayohariria mafaili, inasita kabla ya kutii, na rangi za Vim zinafifia nikiingia tmux. Nimehariri faili la mipangilio, ~/.tmux.conf, mara kadhaa, sioni tofauti yoyote.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hutaona tofauti, kwa sababu tmux husoma faili hilo mara moja tu, inapowaka. Wewe unatoka SSH na kurudi, yenyewe iko hai na mipangilio ya jana. Weka mstari huu:

bind r source-file ~/.tmux.conf

Mara ya kwanza andika mwenyewe tmux source-file ~/.tmux.conf. Baada ya hapo, Ctrl+b kisha r inatosha. Angalizo: kufuta mstari kwenye faili hakufuti amri iliyokwisha kusomwa. Lazima uandike unbind.

Sasa Esc. Mishale ya kibodi nayo hutuma alama ya Esc kwanza, ndipo herufi zifuate, kwa hiyo tmux husubiri ione kama kuna kinachokuja. Kwa miaka mingi, hadi toleo 3.5 la 2024, ilikuwa ikisubiri milisekunde 500, yaani nusu sekunde nzima! Andika:

set -sg escape-time 20

Tafadhali usiweke 0 kama wengi wanavyoshauri. Mimi niliiweka, nikawa nahariri faili la seva kwa intaneti ya simu, usiku, mtandao dhaifu. Nikabonyeza mshale wa juu. Esc ikafika peke yake, O na A zikafuata kwa kuchelewa. Kwa Vim, O ni kufungua mstari mpya juu, basi ikaufungua na kuandika A. Nilihifadhi bila kuona, na huduma ikagoma kuwaka hadi nilipoigundua ile A.

Kuhusu kidole, wengi huhamia Ctrl+a, mazoea ya Screen, programu ya aina hiyohiyo ya tangu 1987. Siipendi, maana kwenye Bash, pale unapoandika amri, ndiyo inayokurudisha mwanzo wa mstari, nami naitumia kutwa. Mimi natumia Ctrl na kitufe cha nafasi:

unbind C-b
set -g prefix C-Space
bind C-Space send-prefix

Kisha, kwenye kompyuta yako, igeuze Caps Lock iwe Ctrl. Hapo ndipo kidole kitapumzika kweli.

Rangi:

set -g default-terminal "tmux-256color"
set -ga terminal-overrides ",xterm-256color:Tc"

Seva ya zamani isipoitambua tmux-256color, tumia screen-256color. Nje ya tmux andika echo $TERM. Jibu likiwa tofauti na xterm-256color, badilisha jina hilo kwenye mstari wa pili. Kama kuna export TERM kwenye .bashrc yako, itoe, kwani inafunika yote haya. Halafu toka tmux kwa detach (kuiacha ikiendelea bila kuizima), uingie tena, na ufungue dirisha jipya. Yale ya zamani yatabaki na rangi zilezile.